Kugeuza toi ya mitumba iwe treni ya vita vya 1915: kazi, gharama na yaliyonikera

Watu wakiiona treni yangu mezani huniuliza nimeagiza wapi, nikiwaambia ni toi ya mitumba ya soko la Kongowea hapa Mombasa wananicheka, mpaka waigeuze juu chini waone tundu la betri ndio waamini, halafu swali linalofuata ni lilelile, nao wataka kutengeneza ya kwao sasa waanzie wapi. Basi naandika yote hapa mara moja, ya kazi na ya hasara, manake mie nilipokuwa naanza maelezo yote niliyopata yalikuwa ya watu wa Uingereza na Marekani, wataja rangi za duka fulani na gundi fulani, vitu ambavyo ukiviagiza mpaka Mombasa usafiri na ushuru wapita bei ya kitu chenyewe.

Kwa asiyejua, mchezo wetu ni vita vya mezani. Askari wadogo kimo cha milimita 28 hivi, meza imepangwa vilima na miti, unapima mwendo kwa rula na unapiga dadu kujua nani kapigwa nani kapona. Wengi hucheza vita vya Ulaya lakini mie na wenzangu tulishachoka kupaka theluji ambayo hatujawahi kuiona, tukaamua kucheza vita vilivyopita hapa hapa kwetu, ile Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani walikuwa upande wa Tanganyika, wakaichukua Taveta Agosti 1914, na kutoka huko wakawa watuma vikundi vidogo, wazungu wachache na askari na wapagazi, wavuke nyika isiyo na maji mpaka kwenye reli ya Uganda, ile ya Mombasa kwenda Kisumu, wakatege baruti. Wengine kiu iliwamaliza njiani hata reli hawakuiona. Waingereza nao wakaanza kujenga reli ya jeshi kutoka Voi kwenda upande wa Taveta, katikati ya 1915 ilikuwa ishafika Maktau. Sasa huwezi kucheza haya yote treni ukaiwakilisha kwa boksi la viatu, tulijaribu, haina ladha.

Treni za modeli za kweli zipo, nzuri mno, ila bei yake ni kodi ya nyumba. Ndio nikaenda Kongowea kwenye toi za mitumba.

Jambo la kwanza na ndilo nalisisitiza kuliko yote, nenda na askari wako mfukoni. Usiende na rula peke yake. Picha yadanganya, hata macho yadanganya, toi waiona kubwa kwenye rundo ukifika nyumbani askari wako hawezi kuingia mlangoni. Mie nilichutama pale nikawa nasimamisha kaaskari kangu kando ya kila treni, naangalia mlango wa dereva, mama muuzaji kaniangalia weee kisha akaniuliza, "Baba, wanunua ama wacheza?" Nikamwambia vyote viwili mama. Akacheka, lakini bei hakushusha hivi hivi, alianza mia tano kwa moja tukaishia mia saba kwa mbili.

Kwa nini mlango? Kwa sababu dohani yaweza kuwa ndefu au fupi, boila nene au nyembamba, injini za kweli zilitofautiana, hakuna atakayekuuliza. Ila mtu anajua mlango wa mtu ulivyo. Askari wa milimita 28 akisimama juu ya kikalio chake anafika kama 32, kwa hivyo mlango ukiwa kati ya 35 na 40 treni itakaa sawa hata kama vingine vyote ni vya uongo. Wa kwangu ulikuwa chini ya hapo kidogo, nikaung'oa ukuta wote wa nyuma wa kibanda cha dereva nikaweka nguzo mbili na paa jipya la kadibodi ngumu, tatizo likaisha na kibanda kikapata hewa, jambo la maana kwa joto la Tsavo.

Upana wa reli nao ni kisa. Reli ya zamani, ile iliyoanzia hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Ukipunguza kwa kipimo cha askari wetu, ambacho wengi hukihesabu moja kwa hamsini na sita, unapata kama milimita 18. Toi yangu magurudumu yalikuwa yameachana milimita 30 na ushei. SGR yenyewe, ile reli mpya pana, kwa kipimo hicho haifiki 26, kwa hivyo mie nilikuwa nimenunua treni pana kuliko SGR! Ukitaka kuwa makini zipo reli za modeli za milimita 16.5, zile za kawaida kabisa duniani, zinakaribia sana mita moja yetu, na ukipata vipande vilivyotumika chukua. Mie sikupata. Nikakata ekseli, vile vyuma vya kushikanisha magurudumu, nikasogeza magurudumu ndani nikayagandisha kabisa, treni yangu haitembei yenyewe inasukumwa kwa kidole, kisha pembeni nikaning'iniza bapa za kadibodi kuficha ile kazi mbovu. Reli nikatengeneza mwenyewe. Na hapa angalia, usiweke mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli) ya mbao ukayapaka rangi ya mbao ukajisifu, reli ya Uganda sehemu kubwa ilitandikwa mataruma ya chuma kwa ajili ya mchwa. Vipande vya kadibodi vilivyopindwa kidogo ncha zake vyatosha.

Sasa kubomoa. Toa betri, fungua skrubu zote kwa bisibisi ndogo, toa mota, toa kitu cha kupigia muziki (muziki wa ile yangu Mola aninusuru, mpaka leo wanijia usingizini). Toi yangu ilikuwa na uso mbele, uso wa kucheka na macho ya bluu. Binti wa dada yangu alinikuta na msumeno mdogo naukata ule uso akaangua kilio nyumba nzima ikasikia, na dada akanitazama kama nimechinja paka. Ndio maana nasema nunua mbili. Moja mpe mtoto. Mie ya pili nilikuwa nimeipangia kazi nyingine lakini siku ile ilibidi nimwachie angalau kichwa cha treni, nikabaki na behewa lake.

Halafu kabla ya kugusa rangi yoyote jua plastiki yako ni ipi. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Toi moja yaweza kuwa na plastiki za aina tatu, na rangi inayoshika kwenye moja inabambuka kwenye nyingine kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua. Kata kaupande kadogo kutoka mahali pasipoonekana, katia kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili kasishikwe na uso wa maji. Kakizama, hiyo ni plastiki ngumu ya kawaida, inakubali gundi na rangi bila maneno. Kakielea, hiyo ni jamii ya plastiki za ndoo na vyombo vya jikoni, supagluu haishiki, rangi haishiki, utahangaika. Mwili wa treni yangu ulizama. Dohani na magurudumu vikaelea.

Dawa ya hivyo vinavyoelea nilifundishwa na fundi wa kupaka magari wala sio mtu wa modeli. Nilimwonyesha gurudumu akaniuliza bampa za gari wadhani ni plastiki gani? Ni hiyo hiyo inayoelea. Wao kabla ya kupaka bampa hupiga kwanza praima ya plastiki, maji maji hivi haina rangi, ndiyo inayofanya rangi ya juu ing'ang'anie. Maduka ya rangi za magari watakupimia kidogo kwenye kichupa, huna haja ya kununua mkebe mzima. Piga msasa laini kwanza, osha, kausha, paka hiyo nyembamba kabisa, kisha rangi juu yake isicheleweshwe, muulize muuzaji muda wake maana kila aina ina wakati wake. Na kwa kuunganisha usitegemee gundi, toboa tundu utie waya pande zote mbili. Dohani yangu imesimama kwa waya wa hanga ya nguo.

Kuna aina ya tatu, laini kama raba. Kwenye yangu ilikuwa ni vile vifungo vya kuunganishia mabehewa. Hiyo huzama lakini usidanganyike. Nilipiga spirei ya kawaida ikapendeza, kesho yake inanata, wiki ijayo inanata, mwezi ukaisha bado ukiigusa inaacha alama ya kidole na vumbi lote la nyumba limeganda pale. Plastiki laini huwekwa mafuta ndani ili iwe laini, na yale mafuta yanatoka polepole yanailainisha rangi ya spirei isikauke kabisa. Hakuna kuiokoa, utaikwangua. Aidha upake akriliki ya maji kwa brashi au ufanye nilivyofanya mie, nikavitupa nikapinda vipya kwa waya.

Vile vinavyong'aa kama kioo, taa, pete za boila, usipake juu yake. Ule mng'aro ni ganda jembamba mno na rangi juu yake inakwanguka kwa kucha. Loweka kwenye jiki, ukiamka asubuhi ganda limeyeyuka lote. Jiki peke yake na maji, kwenye chombo cha plastiki, dirisha wazi. Usichanganye na siki wala ile dawa ya kusafishia choo ati ifanye kazi haraka, hewa inayotoka hapo inaua mtu. Suuza vizuri sana, halafu osha treni nzima kwa sabuni na mswaki mzee, manake toi mpya huwa na mafuta ya kiwandani na ya mitumba ina mafuta ya vidole vya watoto wa nchi nzima.

Sasa kuondoa utoi. Nilikaa nayo muda mrefu naitazama nikijiuliza mbona hata nikiifikiria nyeusi bado naiona ya mtoto. Nikagundua ni vitu vitatu. Kila kingo ni ya mviringo, kila kitu ni kinene, na hakuna kitu kidogo cha kulinganisha nacho. Kingo za boila sikuweza lakini za kibanda nilizisugua na msasa kwenye kioo mpaka zikawa kali. Unene nikauficha kwa kubandika paa la kadibodi nyembamba linalotokeza pembeni, jicho likiona ukingo mwembamba linaamini bati lote ni jembamba. Na vitu vidogo ndio raha ya kazi yenyewe, ribiti, vile vichwa vya misumari ya kushikia bati, nilizitia kwa gundi nyeupe ya mbao na kijiti cha meno, nukta nukta nukta kwa mistari, pete za boila ni karatasi, mkono wa kushikia dereva ni waya wa simu. Tundu lililobaki pale uso ulipokuwa nikaziba kwa pati ya mafundi bomba, ile ya kukanda, nikatengeneza mlango wa duara wa mbele. Nyuma kwenye tenda, lile behewa la injini la kuwekea kuni, nikajaza kuni. Injini za huku zilichoma sana kuni, na kuni za kipimo hiki ziko bure kwenye ufagio, chelewa zimekatwa fupi fupi zikapangwa. Watu hushika zile kuni kuliko kitu kingine chochote kwenye treni.

Rangi. Wengi huku wakifikiria treni ya zamani wanaona ile nyekundu iliyoiva, kama damu ya mzee, kwa sababu ndiyo wameiona jumba la makumbusho la reli Nairobi. Ile ni rangi ya reli ya Afrika Mashariki, shirika lililoundwa 1948, na yale majinjini makubwa ya pale kama Mount Gelai ni ya miaka ya hamsini. Ukiipaka kwenye treni ya 1915 ni sawa na kumpa mkoloni simu ya mkononi. Mie nilienda na nyeusi, lakini sio nyeusi ya mkebe. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inameza kila kitu, zile ribiti zote ulizokesha nazo hazionekani. Paka kijivu cha giza sana, kisha nyeusi iliyopunguzwa maji mengi itiririke kwenye mikunjo ikae huko, ikikauka chukua brashi ngumu, itie kijivu cha mwanga, ifute kwenye tishu mpaka ubaki na kama hakuna kitu, halafu pitisha juu juu. Kingo na ribiti zikajitokeza zenyewe. Hapo ndipo mara ya kwanza nilisema aah, treni hii.

Kutu nilitia kwa kipande cha sponji ya vyombo, kahawia kisha machungwa kidogo sana, dona dona chini ya kibanda na kando ya magurudumu. Usiipake kutu kila mahali. Injini inayofanya kazi kila siku ilifutwa na watu walioajiriwa kuifuta, kutu iko kwenye behewa, injini ina moshi na vumbi.

Vumbi sasa, na hapa najigamba. Rafiki yangu anapiga gari za Taveta nikamwomba aniletee mchanga wa Voi, akaniletea chupa ya maji imejaa ule udongo mwekundu unaoujua ukishapita Maungu. Nilidhani ni kunyunyiza tu. Wapi. Punje zake kwa kipimo hiki ni mawe. Ikabidi niukaange kwenye sufuria nzee mpaka ukauke kabisa, usije kuota ukungu chini ya rangi, nikausaga kwa chupa, nikauchuja kwa chujio la chai kisha kwa kitambaa cha buibui kuukuu, kilichobaki ni unga kama wa hina. Unga huo ukichanganya na maji na gundi nyeupe kidogo unapaka magurudumu na chini ya treni. Kumbuka gundi inaufanya uwe mweusi zaidi, ukikauka hauko kama ulivyokuwa chupani, kwa hivyo mwisho unarudi na brashi kavu na unga mtupu juu yake. Meza yetu nzima sasa ina udongo wa Voi wenyewe, hakuna rangi ya dukani itakayoshindana.

Halafu ikaja vanishi, na mie nikataka kuacha mchezo wote. Nilipiga vanishi mat (isiyong'aa) ya spirei jioni mvua imetoka kunyesha, nyie wa Mombasa mwajua hewa ya namna hiyo shati likikaa kwenye kamba siku mbili halikauki. Dakika chache treni yote ikaota ukungu mweupe kama imemwagiwa unga. Kuni, ribiti, udongo, vyote vyeupe. Sikula usiku ule, nasema kweli. Kumbe unyevu wa hewa unanaswa ndani ya vanishi inapokauka. Kilichoiokoa ni kupaka vanishi ya kung'aa kwa brashi juu yake, ule weupe ukayeyuka karibu wote, kisha siku ya jua kali saa tano asubuhi nikapiga tena mat nyepesi kutoka mbali. Pembe moja ya tenda bado ina weupe kidogo nikasingizia majivu. Kwa wa pwani ushauri wangu ni vanishi ya maji kwa brashi, yachosha lakini haina mshangao, na ya spirei iachie watu wa Nairobi.

Pesa: toi mbili 700, spirei ya praima 750, praima ya plastiki ya kupimiwa 300, vanishi zote pamoja 1,100, rangi za akriliki za wachoraji 1,000, supagluu na msasa na pati 450. Jumla 4,300, na toi yenyewe haikufika hata robo. Ila rangi na vanishi zimebaki nyingi, treni ya pili ingenitoka kama elfu moja. Ukiwa na wenzako nunueni pamoja, mtu mmoja kununua mkebe mzima apake kitu cha urefu wa mkono ni uharibifu.

Lile behewa lililobaki baada ya mtoto kuchukua kichwa chake nimelikata juu nikalijaza mchanga, na linakwenda mbele ya injini sio nyuma. Waingereza walifanya hivyo, wasukume mabehewa mazito ya mchanga mbele ili baruti ilipuke chini yake injini isalimike, na Wajerumani nao wakajibu kwa kutengeneza mitego inayohesabu ekseli zipite kwanza ndio ilipuke. Kwenye mchezo tumeliweka hivi, anayetega anaandika nambari kwenye karatasi kwa siri, moja mpaka sita, na treni ikipita tunahesabu ekseli mezani kila mtu kanyamaza. Nambari moja na mbili ni behewa la mchanga, kuanzia tatu ni injini. Aliyetega mara ya kwanza aliandika mbili akidhani behewa ni fupi kuliko lilivyo, tukamcheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Linalonisumbua sa hivi ni wapagazi. Vita vile vilibebwa vichwani na migongoni mwa watu, lakini ukitafuta askari wadogo wa kununua utapata bunduki za kila aina na mbeba mizigo ni wa kutafuta kwa tochi. Natengeneza wangu kwa kukata bunduki mikononi mwa askari waliobaki na kuwatwika mizigo ya ile pati ya bomba. Mikono yao bado haijakaa sawa, imeinuka sana kama watu wanaojisalimisha, kwa hivyo aliye na njia ya kuipinda plastiki ngumu bila kuivunja aniambie, maji moto nimejaribu lakini mikono inarudi palepale.